Sentensi Kumi na Nusu za Maegeshoni

Aprili, Loveland Pass, Colorado, mita 3,655 juu ya usawa wa bahari. Magari yamepangana kando ya barabara, watu wanahangaika na buti zao, na kila mmoja ana sentensi ya kumweleza mwenzake kwa nini leo hakuna hatari. Nimezikusanya sentensi hizo kwa miaka. Nyingine zinachekesha, nyingine zinakera, na zile za mwishoni zimeshapeleka watu kaburini.

Kwa wasioujua mchezo huu: hapa hatuzungumzii viwanja vya skii vyenye lifti, kamba na wafanyakazi wanaolipua miteremko kwa baruti kabla wateja hawajanywa chai. Tunazungumzia mlima mtupu. Unaupanda kwa miguu yako huku umebandika ngozi za kuzuia kuteleza chini ya skii, unateremka kwa hiari yako, na hakuna aliyetangulia kuukagua. Katikati ya msimu wa baridi swali kubwa ni mteremko gani. Majira ya kuchipua swali kubwa ni saa ngapi. Mteremko uleule ambao saa moja asubuhi ungebeba lori, saa saba mchana haubebi paka. Bahati nzuri Mswahili huhesabu saa zake tangu jua lichomoze, na theluji nayo hufanya hivyohivyo. Angalau kwa hilo tumewatangulia wenyeji.

Haya, tuhesabu kwa kushuka.

10. "Jua limewaka, leo ni siku ya kuota."

Huyu huja na fulana. Ukimshauri avae koti anakwambia koti ni la Januari. Kuhusu joto hajakosea; asichojua ni nani mwingine anayelipata. Katikati ya Desemba jua la adhuhuri hapa Colorado huinuka kama nyuzi 27 kutoka upeo wa macho. Katikati ya Aprili linafika nyuzi 60. Sasa chukua mteremko wenye mwinamo wa nyuzi 30 unaotazama kusini, mwinamo ambao kuanzia hapo maporomoko ya theluji ni jambo la kutarajiwa: miale inaupiga wima kabisa. Theluji iko kwenye kiti cha mbele, mwenye fulana yuko nyuma.

Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga inaoupokea, ndiyo maana jamaa huyu huungua chini ya kidevu na ndani ya pua, sehemu ambazo hata mama yake hakuwahi kuwaza kumpaka mafuta. Lakini theluji ya Aprili mara nyingi si mpya wala si nyeupe. Pepo za majira haya huzoa vumbi jekundu kutoka nyanda kame za Colorado Plateau na kulimwaga juu ya milima ya San Juan na jirani zake. Kule Silverton kuna kituo cha utafiti kinachofuatilia vumbi hilo na jinsi linavyoharakisha kuyeyuka. Theluji yenye vumbi hulinywa jua badala ya kulirudisha. Wenzetu wa milima ya Alps huletewa la kwao kutoka Sahara. Februari 2021 theluji yao iligeuka rangi ya chungwa. Asiseme mtu Afrika haichangii.

9. "Simu inasema nyuzi 2 tu."

Nyuzi 2 za wapi? Simu yako bado inafikiri uko Denver, mita 1,600, unatafuta mahali pa kunyoa. Na hata kama ingekuwa imepatia, joto la hewa si joto la theluji. Hewa inaweza kuwa chini ya sifuri, jua kali, upepo umetulia, na uso wa theluji ukawa unayeyuka mbele ya macho yako.

Kuna vituo vya SNOTEL, mitambo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyosimikwa milimani, ambavyo hutoa joto la kila saa la mahali penyewe, bure, bila tangazo hata moja. Uvisome. Ila ukumbuke vingi viko ndani ya msitu, chini ya unakokwenda. Vinakupa habari za jirani.

8. "Usiku ulikuwa na baridi, tulilala na blanketi mbili."

Blanketi mbili zinathibitisha kwamba una blanketi mbili.

Hapa lazima tukae kidogo, maana usiku ndio unaoamua karibu kila kitu. Anga likiwa tupu, theluji hulitoa joto lake moja kwa moja kwenda juu, na uso wake unaweza kuganda hata kama hewa iko nyuzi kadhaa juu ya sifuri, hasa hewa ikiwa kavu. Mawingu yakitanda, joto lile linarudishwa chini na theluji inakesha ikiwa imeloa, hata kama wewe ulitetemeka hemani hadi meno yakagongana. Kwa hiyo swali la alfajiri si kama ulisikia baridi. Swali ni kama uliona nyota, na ziliwaka kuanzia saa ngapi. Yule anayeamka usiku wa manane kwenda haja ndogo ndiye mtaalamu wa hali ya hewa wa kundi. Muulizeni kwa heshima.

Kisha ganda lenyewe. Shuka garini upige theluji kwa kisigino. Ganda linalokubeba ukiwa na buti tupu, bila skii, hilo limeganda kweli. Ganda la sentimita mbili au tatu ambalo buti inalitoboa na kuzama kwenye uji ni kifuniko tu. Chini yake theluji iko nyuzi sifuri kuanzia juu hadi ardhini, maji yanatembea kati ya punje, na jua halina kazi kubwa: likishakivunja kifuniko, limemaliza. Wazoefu wa huku wana sheria isiyoandikwa kwamba zikipita siku mbili tatu mfululizo bila usiku wa kugandisha, mtu abaki nyumbani akarekebishe baiskeli.

Usiku mzuri ukijirudia mara nyingi, jambo la kupendeza hutokea. Kuyeyuka na kuganda, kuyeyuka na kuganda, punje huungana zikawa kubwa na za mviringo; asubuhi jua likilainisha sentimita tatu nne za juu huku chini kukiwa bado kugumu, skii zinapita kwa mlio laini na hata mteremkaji wa wastani anajiona bingwa. Hiyo ndiyo theluji inayotutoa kitandani saa nane usiku. Haikai. Kwenye mteremko mmoja inadumu saa moja, pengine pungufu. Ukifika mapema unateremka juu ya mbao. Ukichelewa unateremka ndani ya supu, na supu hiyo inaweza kuamua kuteremka nawe.

7. "Mimi natoka Moshi, milima naijua."

Kaka, heshima yako. Lakini Kibo haina msimu wa baridi. Theluji ikianguka kule haikai miezi sita ikijipanga tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na tabia yake, kila wiki ya jua na ganda lake. Mlima wa Colorado mwezi Aprili una historia ndefu tumboni, na baadhi ya kurasa zake hazifai kusomwa na watoto.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wagumu wa Kilimanjaro wanalielewa kuliko nusu ya watu walioegesha hapa. Kwa nini wageni huamshwa pale Kibo Hut kabla ya saa sita usiku? Changarawe ya kupandia Gilman's Point, mita 5,685, usiku imeganda na mguu unashika. Jua likiipata inalegea: hatua mbili mbele, moja nyuma. Na ukifika kileleni alfajiri unapata nafasi ya kushuka kabla mawingu hayajapanda. Mwongozaji wa Kilimanjaro akimkuta mtu anaanza safari ya kileleni saa nne asubuhi atamuuliza kama amepotea. Huku Colorado mtu huyo tunamwita Jumamosi.

Kwa hiyo toka Moshi, karibu sana, ila njoo na ratiba ya kule.

6. "Ripoti inasema daraja la 2."

Kituo cha taarifa za maporomoko cha Colorado, CAIC, hutangaza hatari kwa madaraja matano, na daraja la 2 ni la pili kutoka chini. Watu wakisikia hivyo husikia "hakuna shida". Daraja la 2 maana yake ni kwamba mtu anaweza kuangusha poromoko mahali fulani. Mahali fulani ndipo mlipopanga kwenda, kwa sababu ndipo penye mteremko mzuri.

Na majira haya siku moja huwa na tabia mbili. Kule Tyrol, Austria, watabiri wameamua wasibishane na hilo: hali inapobadilika sana ndani ya siku, hutoa ramani mbili, ya asubuhi na ya mchana. Huku kwetu habari hiyo utaipata kwenye maelezo yaliyoandikwa chini ya namba. Hakuna anayeyasoma, kwa sababu namba ina rangi.

5. "Huu unatazama kaskazini, jua haliugusi."

Msemaji ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli mlimani ina uzito mkubwa kuliko uongo mzima. Mashariki hupigwa na jua la kwanza. Kufikia saa tatu asubuhi mteremko wa upande huo huenda umeshaanza kulegea. Kusini hufuata, na magharibi huwa zamu ya alasiri. Saa za Denver husogezwa mbele majira haya, hivyo jua halifiki juu kabisa hadi saa saba mchana. Anayedhani saa sita joto limeanza kupungua ana saa nyingi za kushangazwa.

Kaskazini ni ya mwisho, na hapo ndipo penye tatizo. Kuna siku, hasa Mei, wingu jembamba linatanda na upepo unakufa. Msemaji wetu anafurahi: tumepata kivuli! Kumbe mwanga unapenya lile wingu, unarudishwa na theluji, unarudishwa tena na wingu, na kila upande wa mlima unapikwa kwa pamoja. Theluji ya kaskazini, kwa kuwa haijawahi kuloa tangu ianguke, haijui la kufanya na maji. Inayoloa kwa mara ya kwanza ndiyo ya kuogopa kuliko ile iliyokwisha kuloa na kuganda usiku hadi usiku.

4. "Theluji hii ipo tangu Novemba, imeshakaa."

Imekaa juu ya nini?

Hadithi ya theluji ya Colorado huanza vibaya. Mwanzoni mwa msimu inaanguka kidogo, kisha anga linasafika na baridi inakaba kwa wiki nzima. Ardhi chini iko karibu nyuzi sifuri, hewa juu iko nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na kati yao kuna theluji nyembamba. Mvuke hupanda kutoka chini na kuzijenga upya punje: kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukichota konzi yake inamwagika yote katikati ya vidole. Wenyewe huiita theluji ya sukari. Miezi inayofuata dhoruba zinarundika mita moja au mbili juu yake, na mlima unaonekana mnene na mtulivu, ilhali msingi wake bado ni ule wa Novemba.

Sasa Aprili inakuja na maji ya kuyeyuka yanaanza kushuka. Hayashuki sawasawa. Yakifika mahali ambapo punje ndogo zimelala juu ya punje kubwa, au yakikuta ganda la barafu, yanasimama, yanatandaa, na kuloweka pale tabaka mbili zinapokutana. Kile kidogo kilichokuwa kinashikilia kinayeyuka kwa ndani, na wewe uliye juu huoni chochote. Hilo ndilo bamba chepechepe. Likikatika linaweza kuchukua upande mzima wa bonde na kuacha majani ya mwaka jana yakiwa wazi. Kulitabiri ni kazi ngumu hata kwa wanaolipwa kufanya hivyo, na hao wanaolipwa huliepuka tu.

Wala usidhani Aprili huleta theluji chepechepe peke yake. Tarehe 20 Aprili 2013, pale Sheep Creek, mwendo mfupi kutoka Loveland Pass, bamba kavu lilikatika kwenye tabaka dhaifu la chini na kuwakumba watu sita. Watano walikufa. Colorado haikuwa imeshuhudia poromoko lililoua watu wengi kiasi hicho tangu 1962. Kalenda ilisema majira ya kuchipua, mlima ulikuwa bado kwenye msimu wa baridi.

Ili nisiwatishe bure: kuna kipindi theluji hukaa kweli. Baada ya wiki kadhaa za kuloa na kuganda, maji yakishajichongea njia zake za kupita, tabaka zile huungana na kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana mwishoni mwa Mei utakuta watu wakipanda Torreys Peak, mita 4,349, kwa mifereji ya theluji ambayo Februari hakuna mwenye akili timamu angeikaribia. Theluji ni ileile. Imekwenda shule.

3½. "Nina transiva…"

Hii naihesabu nusu kwa sababu msemaji haimalizi kamwe. Mwisho wake ni "…kwa hiyo mtaipata maiti haraka."

Transiva ni kile kifaa cha kifuani kinachorusha mawimbi ya kilohezi 457 ili wenzako wakutafute ukifukiwa. Lazima iwepo, pamoja na ufito mrefu wa kuchomea theluji na sepetu. Bila hivyo viwili, wenzako watajua tu ulipo na watakaa hapo juu wakikuita. Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 za matumaini ya kweli, kisha matumaini hushuka kwa kasi. Na poromoko chepechepe likishasimama hukamatana papo hapo. Sepetu inagonga na kuruka.

3. "Ni vipira tu vya theluji."

Kinaanza kwenye jiwe. Jiwe jeusi limepashwa joto, theluji inayolizunguka imelegea, na kipande cha ukubwa wa ngumi kinang'oka. Kinabiringika, kinajizungushia theluji nyingine njiani, na kufika chini kikiwa na umbo la gurudumu, mfereji mwembamba umechorwa nyuma yake. Cha kwanza unakipiga picha. Cha tano unatazama saa. Vikianza kushuka bila jiwe wala mti wa kuvianzisha, acha kutazama saa na utazame njia ya kutokea.

Mkono nao ni chombo cha kupimia, na hauhitaji betri. Vua glavu, chota theluji, ifinye. Ikikataa kushikana, ni kavu. Ikishikana ikawa mpira, ina unyevu. Ukiona maji yanang'aa kati ya punje, imeloa. Yakichuruzika hadi kwenye kiwiko, mkutano umefungwa. Mguu ni vivyo hivyo: simama bila skii. Ukizama kupita kifundo, ondoka. Ukizama hadi katikati ya muundi, ulitakiwa uwe ulishaondoka, na sasa utaondoka kwa jasho.

Poromoko la namna hii huanzia kwenye nukta moja na kutanuka kadiri linavyoshuka. Ni la polepole kulinganisha na lile kavu, ambalo hupita kilomita 100 kwa saa bila kujitahidi. Watu wakisikia "polepole" wanalegea. Hebu tupige hesabu: mita moja ya ujazo ya theluji mpya iliyo kavu ina kilo 100 au chini ya hapo. Ya poromoko chepechepe ina kilo 500 na kuendelea. Halina haja ya kukukimbiza. Linakukuta ulipo, linakufunga miguu, na kukusukuma kuelekea kilichopo chini. Poromoko dogo juu ya uwanja wa majani ni aibu. Poromoko hilohilo dogo juu ya genge, au juu ya korongo lenye kijito, ni msiba. Kwa hiyo kabla hujauliza theluji ikoje, uliza ikinibeba itanipeleka wapi.

2. "Sisi hatupandi kule, tunapita tu chini yake."

Mwaka 1910, mwishoni mwa Februari, treni mbili za kampuni ya Great Northern zilikwama pale Wellington, kituo kidogo kwenye milima ya Cascade, jimbo la Washington, karibu na Stevens Pass. Moja ilibeba abiria, nyingine barua. Theluji ilianguka siku nyingi mfululizo na njia ikazibwa mbele na nyuma. Treni zikasimama chini ya mteremko ambao miti yake mingi ilikwisha kuungua kwa moto. Abiria walikaa hapo karibu wiki nzima. Hakuna aliyekuwa na skii. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kupanda popote.

Kisha hali ya hewa ikageuka. Baridi ikaondoka, theluji ikawa mvua, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi ukaja na radi. Muda mfupi baada ya saa saba usiku mteremko ule uliachia. Mabehewa yalitupwa bondeni, mto Tye ulipo, na watu 96 wakafa. Hadi leo hakuna poromoko la theluji lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Kituo kilibadilishwa jina kikaitwa Tye, na mwaka 1929 reli ikapata handaki jipya refu lililopita mbali na mahali pale.

Angalia saa. Saa saba usiku, si saa saba mchana. Mvua haihitaji jua, na theluji ambayo haijawahi kuloa inaweza kuachia ndani ya saa chache, hata dakika, tangu matone ya kwanza. Yote niliyosema kuhusu kuamka mapema yanahusu siku za jua na usiku wa nyota. Ikinyesha mvua juu ya theluji ya msimu wa baridi, hakuna kuamka mapema kunakotosha.

Kuna na wengine wawili wasiofuata ratiba ya mtu. Wa kwanza ni ufa unaochanua kwenye mteremko wenye majani au mwamba laini chini, theluji yote ikiwa inateleza taratibu juu ya ardhi. Theluji hiyo inaweza kuanguka leo, mwezi ujao, usiku, au isianguke kabisa. Usile chakula cha mchana chini yake. Wa pili ni kingo za theluji zinazoning'inia kwenye matuta, ambazo joto likizidi hukatika nyuma zaidi ya pale ulipodhani. Kwa juu usizikaribie, na kwa chini usiziamini.

1. "Moja ya mwisho, halafu tukale."

Haina sayansi yoyote ndani yake, ndiyo maana inaongoza. Anayeitamka anajua yote yaliyoandikwa hapo juu. Pengine ndiye aliyenifundisha. Usiku uliganda vizuri. Mmeanza na taa za kichwani, mmefika juu kwa wakati, mmeteremka juu ya theluji tamu hadi mtu mzima mwenye watoto watatu akapiga vigelegele. Sasa ni saa nne kasorobo asubuhi, mko chini, na kundi zima limegeuza shingo kutazama juu.

"Bado ngumu kule."

"Ilikuwa ngumu tulipokuwa kule."

"Dakika arobaini tu kupanda."

"Na jua nalo litapanda dakika arobaini."

"Tumeendesha saa nzima na zaidi kuja hapa."

"Mlima haujui bei ya petroli, bwana."

"Wale pale mbona wanapanda?"

Hiyo ya mwisho ndiyo sumu. Wale pale wanapanda kwa sababu wamewaona ninyi. Na ninyi mkiwafuata, watu wa kwenye gari linaloegeshwa sasa hivi watawafuata ninyi, kila kundi likiamini lililotangulia limepima kitu.

Sijaona hoja inayoishinda sentensi hii ikishatamkwa, kwa hiyo siku hizi sibishani nayo. Saa ya kuondoka mlimani tunaipanga garini, gizani, watu wana usingizi lakini bado wana akili. Tunaitaja kwa namba: si "kabla haijalegea", si "tutaona hali". Anga likiwa na mawingu tunaiwahisha, au tunafuta safari na kwenda kula mayai Idaho Springs, ambako hakuna aliyewahi kufukiwa na mayai. Naiweka kengele kwenye simu, ule mlio mbaya kuliko yote. Ikilia hakuna kura. Anayetaka moja ya mwisho simzuii. Ila gari ni langu, funguo ziko mfukoni mwangu, na kutoka hapa hadi Denver ni zaidi ya kilomita 80 kwa miguu, ukiwa na buti za skii.